Viwavi kwenye kabichi zangu: hivi mmea unakaa tu unaliwa?

SWALI: Habari za kazi mhariri, mi ni msomaji wenu wa siku nyingi ila leo ndo mara ya kwanza naandika. Nina kabichi zangu nyuma ya nyumba, kila asubuhi nakuta majani yametobolewa, vipepeo weupe wanazungukazunguka na viwavi wa kijani wamejibanza chini ya majani. Jirani ananambia nipulizie dawa wafe wote. Hivi mmea unaliwa tu hauna la kufanya? Na hao wadudu wana kazi gani duniani zaidi ya kutula mboga?

JIBU: Ahsante ndugu msomaji. Kabichi yako haijakaa kimya hata kidogo. Ukiponda jani lake unasikia ile harufu kali kama ya haradali, si ndio? Ndani ya jani kuna kemikali zinaitwa glukosinoleti na kuna kimeng'enya chake, yaani protini inayozichochea zibadilike, vimetengwa kila kimoja mahali pake, kiwavi akitafuna tu vinachanganyika inakuwa sumu, na wadudu wengi hapo hapo wanaacha. Sasa huyo mtoto wa kipepeo mweupe yeye tumboni ana protini inayogeuza hiyo sumu kabla haijakolea, kwa hiyo anakula bila shida, na mama yake anaonja jani kwa miguu akikuta kemikali zile zile ndo anajua hapa pa kutagia. Yaani silaha ya mmea imekuwa kibao cha kumwelekeza adui, na mambo haya yamejengeka kwa mamilioni ya miaka, mmea unabuni na mdudu anabuni.

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Missouri, Marekani, walirekodi mtetemo wa kiwavi huyu huyu akitafuna, wakaupeleka kwenye majani ya mmea mdogo wa ukoo wa kabichi ambao haujaguswa na mdudu. Baadaye walipoweka viwavi kweli, ile mimea iliyotetemeshwa ilitoa kemikali za kujilinda nyingi zaidi, ila mtetemo wa upepo haukuishtua. Mi kila nikilifikiria hili nashangaa upya.

Halafu jani lililotafunwa linatoa harufu hewani, na kuna nyigu wadogo sana wanaifuata mpaka kwa kiwavi, wanamtagia mayai ndani ya mwili, mabuu wanamla kwa ndani wakitoka wanasuka vifukofuko vya njano pembeni yake. Ukimwaga dawa ya kuua kila kitu unaua na hao nyigu, viwavi wakirudi hakuna wa kuwazuia, na hapo ndo sikubaliani kabisa na jirani yako.

Kuhusu kazi yao, ndege wengi wa nchi kavu wanalea makinda kwa viwavi hata kama wakubwa wenyewe wanakula mbegu, na kinyesi cha viwavi kinarudisha rutuba kwenye udongo haraka kuliko kusubiri jani likauke lioze. Tena mdudu mla majani anazuia mmea mmoja usitawale. Australia dungusi, ule mmea wa miiba, kutoka Amerika ilienea kwenye hekta kama milioni 24 kwa sababu huko hakukuwa na wa kuila, 1925 wakaleta mayai ya nondo kutoka Argentina, ndani ya miaka michache viwavi wake wakawa wameiangusha sehemu kubwa. Lakini nondo huyo huyo alionekana Florida, Marekani, 1989 na huko anatafuna dungusi za asili, hivyo mdudu kuitwa mzuri au mbaya inategemea yuko wapi na anakula nini.

Kwa bustani yako, geuza majani asubuhi, mayai ya kipepeo hayana nyuzi na yamegandana na jani, yasugue kwa kidole, na viwavi waokote kwa mkono. Ila vile vifukofuko vya njano vyenye nyuzi kama pamba, vimerundikana pembeni ya kiwavi aliyedhoofika, watu wengi wanavidhani mayai wanavibonyeza, wewe viache hapo hapo nyigu watoke.