Kupenya foleni ya Mandela asubuhi

Ndugu, umeuliza utapenyaje na pikipiki katikati ya magari asubuhi, Barabara ya Mandela, Dar es Salaam, Buguruni hadi Ubungo, bila kugongwa. Foleni ikiwa imesimama au inatambaa, penya taratibu. Magari yakianza kukimbia, rudi kwenye msururu ukae kama gari. Usiamini indiketa (wangapi wanaiwasha?), angalia tairi za mbele: zikianza kukunja, huyo anahama. Vidole viwe tayari kwenye breki, taa iwake. Daladala ikisimama, upande wa kushoto usipite, abiria wanashuka popote. Ubavuni mwa lori la kontena usikae kabisa, hasa kwenye kona: dereva hakuoni, na tela hukata kwa ndani kuliko kichwa. Ukifika Ubungo, njia ya mabasi ya mwendokasi achana nayo, hata wenzako wakiingia.