Dawa za usingizi ICU zinashusha kinga?

SWALI: Shikamoo dokta. Mama yuko ICU, nimonia imemshika vibaya, wamemlaza kwa dawa za usingizi na mashine ndo inampumulia. Kuna ndugu anasema hizo dawa zinaua kinga ya mwili, eti tuwaambie wazizime. Ni kweli?

JIBU: Marahaba, pole sana kwa kuuguza. Huyo ndugu kuna kitu kakisikia ila kakishika nusu. Dawa hizi haziishii kwenye ubongo, chembe nyeupe za damu, ndo askari wa kinga, nazo zina vipokezi vyake, yaani sehemu ambazo dawa inajishika. Dawa za usingizi za familia ya diazepamu na midazolamu, kwa panya wa maabara wenye nimonia, iliongeza vifo. Mofini, ile ya maumivu makali, inazilegeza chembe za kinga na utumbo unakuwa mzito. Propofoli na deksimedetomidini, nazo za usingizi wa ICU, zenyewe zinapoza ule moto wa mwili kupambana na vijidudu, na hapo ndo utamu na uchungu, maana moto ukizidi unaunguza figo na mapafu, ukipoa sana vijidudu vinajitanua.

Sasa usikimbilie kuomba abadilishiwe dawa. Mwaka 2021 Marekani walizishindanisha hizo mbili za mwisho kwa wagonjwa zaidi ya 400 wa sepsisi (maambukizi makali yanayofanya mwili uanze kuumiza viungo vyake wenyewe) waliokuwa kwenye mashine, vifo havikutofautiana. Ya maabara ni ya maabara.

Mimi kinachonitisha zaidi ni usingizi mzito wa siku nyingi. Mgonjwa hakohoi, makohozi yanalala kifuani, misuli inaisha, siku za mashine zinaongezeka na nimonia mpya inaingilia humohumo kwenye mpira wa kupumulia. Utafiti mmoja wa Chicago mwaka 2000 waliwasimamishia wagonjwa dripu ya usingizi kila siku mpaka waamke, siku za mashine zikashuka toka kama 7 hadi kama 5. Ila hiyo wanaifanya madaktari na manesi wenyewe wakiwa wamesimama pale kitandani, ukiizima tu kienyeji mgonjwa anapigana na mashine, anaweza hata kuchomoa mpira.

Na ukiona dripu nyeupe kama maziwa ndo propofoli hiyo, ina mafuta ya soya na bakteria wanayapenda, ndo maana manesi wanabadilisha mrija wake kila saa 12, usiuguse.

Kesho muulize daktari wake: mama mnamlaza usingizi wa kiasi gani, na mtaanza lini kumpunguzia? Akikujibu bado kwa sababu oksijeni inashuka akiguswa tu, hiyo ni sababu ya kueleweka, umuulize tena keshokutwa.