Re: Vuta N'Kuvute, nianze na kitabu au filamu?

Mkuu, mimi ningeanza na filamu. Ile ya Amil Shivji ya 2021 imepigwa picha vizuri mno: vivuli, mvua, vichochoro vya Unguja ya miaka ya 1950. Ila usitegemee hadithi yote ya Adam Shafi imo. Haiwezekani, riwaya ni nene na filamu haifiki hata saa mbili. Mapenzi ya Yasmin na Denge yamebaki, siasa za kumpinga mkoloni zipo, lakini kuna watu kitabuni utawajua kwa undani ambao filamu inawapitia juu juu tu. Ukianza na kitabu utakaa unanung'unika "mbona hili wamelikata?" Mke wangu alininyamazisha mara kadhaa.