Re: Pampu saizi tatu, zishee mota moja?

Mkuu, umeuliza kama pampu zako za saizi tatu zishee mota moja au kila moja iwe na yake. Mi naona usianzie kwenye mota kabisa, anzia kwenye viungio, yaani pale kipande kimoja kinapokutana na kingine: matundu ya bolti, kipenyo cha shafti, plagi ya umeme. Hivyo ndo uvifunge mapema na visiguswe tena, vingine viache vibadilike. Volkswagen kwenye MQB yao ya 2012, yaani mfumo mmoja wa msingi wa kujengea magari mengi, walifanya hivyohivyo, umbali kati ya pedeli na ekseli ya mbele ukabaki uleule kwa magari yote ila urefu na upana vikawa huru, ndo maana Golf na Passat zimetoka kwenye mfumo mmoja na ukizitazama ni gari tofauti kabisa.

Kwako sili (za kuzuia maji yasivuje) na beringi zishee, impela (gurudumu linalosukuma maji) na bodi ya pampu ziende na saizi. Mota sasa, hapo angalia sana, ukiipimia pampu kubwa basi ile ndogo itabeba uzito na gharama isiyohitaji, bora mota za saizi mbili zenye flanji ya aina moja, yaani ile sahani ya bolti inayofungwa kwenye pampu.