Kabla hujamuuliza mgonjwa kama anameza dawa

Umepata kazi kwenye utafiti wa ufuasi wa dawa za VVU, yaani kama mgonjwa anameza dawa zake jinsi alivyoelekezwa. Umepewa kishikwambi, fomu za ridhaa na orodha ya maswali, na wiki za mwanzo utadhani kazi yenyewe ni kujaza fomu. Mimi nilidhani hivyo karibu miezi miwili.

Kulikuwa na mama mmoja aliyekuja kila mwezi na chupa tupu. Nahesabu vidonge vilivyobaki: sifuri. Naandika ufuasi asilimia 100. Kipimo cha wingi wa virusi kikarudi, virusi viko juu. Siku hiyo nikatoka naye hadi kwenye benchi chini ya mwarobaini, fomu nikaiacha ndani, tukaongea habari za watoto kwanza. Mwishowe akafungua pindo la kanga, vikaonekana vidonge saba. Chupa inalia, akaniambia, na mama mkwe analala chumba cha pili. Kwa hiyo dawa alizihamishia kwenye kanga, na nyumba ikiwa na wageni hamezi kabisa. Vinavyobaki alikuwa anavificha kwa sababu mwezi wa kwanza nilimuuliza, "Mama, dawa unameza vizuri, sivyo?" Angenijibu nini zaidi ya ndiyo?

Uliza hivi: "Watu wengi hupitiwa. Siku hizi saba zilizopita, wewe umepitiwa mara ngapi?" Kisha nyamaza, usimsaidie kujibu. Akitaja idadi, mshukuru, na uso wako usibadilike. Mgonjwa anakusoma usoni kabla hujaandika lolote.

Usidhani hili ni jambo dogo la adabu. Utafiti wa FEM-PrEP ulifanyika Kenya, Afrika Kusini na Tanzania, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2012. Wanawake zaidi ya 2,000 wasio na VVU waligawanywa, wengine wakapewa vidonge vya kujikinga, wengine vidonge visivyo na dawa. Asilimia 95 walisema huwa wanameza. Damu ya baadhi ya waliopewa dawa halisi ilipopimwa, walioonekana kumeza siku za karibuni hawakufika asilimia 40. Kinga haikuonekana, na kwa umezaji ule isingeweza kuonekana. Kazi ya miaka na fedha nyingi, na kina mama waliojitolea damu yao, wakarudi bila jibu.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote ni la WelTel, lililofanyika Kenya kati ya 2007 na 2009 kwa wagonjwa 538 waliokuwa wanaanza ARV. Nusu yao walitumiwa ujumbe kila wiki: "Mambo?" Mgonjwa anajibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48. Akisema shida, au akikaa kimya, muuguzi anampigia. Angalia ujumbe wenyewe: hautaji dawa wala kliniki, kwa hiyo hata simu ikiwa mkononi mwa shemeji hakuna siri iliyotoka. Baada ya mwaka, waliofubaza virusi, yaani dawa zimevishusha hadi kiwango cha chini sana, walikuwa asilimia 57 upande wa ujumbe na 48 upande mwingine. Mimi naamini simu ya muuguzi ndiyo iliyofanya kazi kubwa. Ukipangiwa zamu ya kupiga simu hizo, usiziahirishe hadi Ijumaa. Na usidhani ujumbe mwingi ndio bora: jaribio jingine la Kenya, lililochapishwa mwaka 2011, lilikuta ujumbe wa kila wiki unasaidia na wa kila siku hausaidii.

Kitakachokuumiza roho ni kundi linganishi, wale wasiopewa njia inayojaribiwa. Bahati nasibu imemweka mtu huko, unamwona anayumba, na namba yake unayo. Usimtumie ujumbe wako wa siri. Ukifanya hivyo makundi mawili yanakuwa kitu kimoja, na hatutajua kamwe kama njia ile inasaidia. Lakini pia usimwache: mpeleke kwa muuguzi wa kliniki apate huduma anayoipata mgonjwa yeyote, kisha uandike.

Yule mama nilimpeleka kwa muuguzi vilevile. Muuguzi akachukua pamba, akaijaza juu ya vidonge, akafunga kifuniko na kuitikisa chupa sikioni mwa mama. Haikulia. Nikarudi ndani nikaandika tarehe, nani amefanya nini, na kwamba hesabu zangu zote za nyuma kwa mshiriki huyu si za kuaminika.