Barua kwa mwanangu: Kati yangu na mjomba wako, nani mwongo?

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku Morogoro hatujambo. Swali lako la juzi nilishindwa kulijibu kwenye simu kwa sababu mjomba wako alikuwa amekaa palepale, anacheka. Uliuliza: "Mama, nyinyi wawili kila mmoja anaapa. Sasa kati yenu nani mwongo?"

Ubishi wenyewe umekua nao. Mimi siku aliyofariki Mwalimu Nyerere, Alhamisi ya tarehe 14 Oktoba 1999, naisimulia hivi: nilikuwa nyuma ya duka la babu yako napiga pasi ya mkaa, redio iko juu ya gunia la mchele, Rais Mkapa akatangaza kwamba Mwalimu ametutoka kule London. Nikageuka, nikamwona mjomba wako amesimama mlangoni na sare ya shule, machozi yanamtoka, hasemi kitu. Yeye anasema hakuwepo Morogoro kabisa. Alikuwa bwenini Tanga, kidato cha pili, na habari walipewa mstarini na mwalimu wa zamu.

Wiki iliyopita nikaamua kummaliza. Nikafungua sanduku la bati la bibi yako, nikitafuta picha yoyote ya mwezi ule itakayomuumbua. Picha sikupata. Nilichopata ni barua, mwandiko wake, juu ameandika Tanga, 17/10/1999. Anasema bendera iko nusu mlingoti, masomo hayaendi, na mwisho anaomba apelekewe hela ya sabuni. (Hela hiyo anadai hadi leo.)

Kwa hiyo hakuwepo. Lakini nikuambie lililonishangaza: kuisoma ile barua hakukuifuta picha yangu. Hata sasa nikifumba macho namwona mlangoni, kifungo cha juu cha shati hakipo.

Miaka yote niliyofundisha historia niliamini kumbukumbu ni kama kanga iliyokunjwa sandukuni: ukiitoa baada ya miaka ishirini ni ileile, labda imepauka kidogo. Sivyo. Kila tunapokumbuka tunapika upya. Viungo vingine ni vya siku ile kweli, vingine tunachota popote mkono unapofika, na chungu kikishaiva huwezi tena kuonja kipi kilitoka wapi.

Kulikuwa na mwanasaikolojia wa Marekani, Ulric Neisser, ambaye kisa chake kinafanana na changu hadi nikacheka peke yangu. Japani iliposhambulia Pearl Harbor, Desemba 7, 1941, alikuwa na miaka 12, kesho yake anatimiza 13. Alikua akikumbuka kwamba alikuwa amekaa sebuleni anasikiliza mechi ya besiboli redioni, matangazo yakakatizwa kwa habari ile. Miaka mingi ikapita, keshakuwa profesa, ndipo siku moja akashtuka: besiboli Marekani haichezwi Desemba! Baadaye wengine walichimba wakasema yaelekea ilikuwa mechi ya futiboli ya Kimarekani. Redio ilikuwepo, mpira ulikuwepo, ila si mpira ule.

Kumbukumbu za namna hii, za siku nzito ambayo kila mtu anakumbuka alikuwa wapi, Roger Brown na James Kulik walizipa jina mwaka 1977 kutokana na taa ya kamera za zamani, ile inayomulika mara moja na picha ikanasa. Jina ni zuri, lakini linatudanganya. Januari 28, 1986 chombo cha anga Challenger kilipasuka sekunde 73 tu baada ya kuruka, wote saba wakafa. Asubuhi ya pili yake Neisser akawafanya wanafunzi 106 wa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, waandike walikuwa wapi, na nani, waliambiwa na nani. Karibu miaka mitatu baadaye, yeye na mwenzake Nicole Harsch wakawarudia 44 kati yao na maswali yaleyale. Kumi na mmoja hawakupata hata jambo moja sawa na walichoandika wenyewe. Waliopata yote walikuwa watatu. Na wengi wa waliokosea walikuwa na uhakika kama wangu. Wakaonyeshwa karatasi zao, mwandiko wao, na bado kumbukumbu ya kwanza haikurudi.

Hapo, mwanangu, ndipo swali lako linapokwama. Wewe unadhani mtu akiwa na uhakika na akakosea, basi anadanganya. Mwongo anajua ukweli ulipo na anaukwepa. Mimi nilikuwa naapa kwa moyo mweupe.

Sasa yule kijana mlangoni alitoka wapi? Nimefikiri usiku kucha. Nadhani ni wa mwaka 2001, babu yako alipofariki. Mjomba wako alitoka Tanga kwa basi na sare yake, akafika jioni, akasimama mlango uleule wa duka, akashindwa kuingia. Sura imebaki, siku yake imepotea, na akili ikaibandika kwenye msiba mwingine mkubwa uliokuwa karibu. Kisha kila Oktoba 14, ikiwa sikukuu na nyote mko nyumbani, nimewasimulia hivyohivyo. Baada ya kuisimulia mara ishirini, nilikuwa nakumbuka masimulizi yangu, siyo siku yenyewe.

Hata neno moja linaweza kuongeza kiungo chunguni. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu 150 filamu fupi ya magari yakigongana. Hamsini waliulizwa magari yalikuwa na mwendo gani yalipogongana, hamsini wengine yalipopondana, na waliobaki hawakuulizwa kuhusu mwendo. Wiki moja baadaye wote wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Kwenye filamu vioo havikuvunjika. Wa "kugongana" saba walisema waliviona, wa "kupondana" kumi na sita. Tangu nisome hayo, nikisikia mtu anamhoji shahidi kwa kuuliza "yule wa shati jekundu ulimwona?" badala ya "ulimwona nani?", nywele hunisimama.

Najua utaruka mbele: basi na wazee wetu wote tuwatupe, historia ya kusimuliwa haina maana. Ngoja kwanza. Mwaka 1968 na 1969 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kuwahoji wazee juu ya vita vya Maji Maji, ambavyo vilikwisha zaidi ya miaka sitini nyuma. Tarehe kamili ni jambo la makaratasi: kwamba Kinjikitile alinyongwa Agosti 4, 1905 tunalijua kwa Wajerumani. Lakini pamba ya kulazimishwa, akida na viboko vyake, ilivyokuwa kuondolewa shambani kwako ukalime la serikali, hayo wazee wa vijiji vilivyo mbalimbali waliyasimulia kila mmoja kwa namna yake, na yakaoana. Jambo lililompata mtu kila siku kwa miaka halipotei kirahisi kama saa au sura ya nani alisimama wapi. Ndiyo sababu niliwafundisha wanangu wa kidato cha nne kumuuliza mzee zaidi ya mmoja, kila mmoja peke yake, kabla hawajakaa pamoja kwenye kahawa na kuyachanganya.

Kuhusu mjomba wako: alicheka sana nilipokiri kwamba hakuwepo. Nikamwacha amalize, kisha nikamsomea barua yake mstari wa tatu. Ameandika, "habari tulisikia jikoni kwa redio ya mpishi, tukakimbia kuwaambia walimu." Hakuna mstarini, hakuna mwalimu wa zamu. Amenyamaza. Halafu akasema huenda aliandika vile ili bibi yako ajue anakaa karibu na chakula. Hadi leo anashikilia mstari wake.

Sasa nina kazi kwako. Usiku wa Machi 17, 2021, Mama Samia alipotangaza kwenye televisheni kifo cha Rais Magufuli, wewe na kaka yako mlikuwa hapa nyumbani kwangu. Andika ulikaa wapi, nani alikuwepo, nani aliongea kwanza, na chai ilikuwa imeshamiminwa au bado. Mimi nimeandika yangu nikaifunga kwenye bahasha, na kaka yako nimemwambia vivyo hivyo. Usimpigie simu kabla hujamaliza.

Mama yako