Tembe si ya Mwarabu tu
Ndugu uliyeuliza kama tembe za Wagogo wa Dodoma, yaani nyumba zenye paa bapa la udongo, asili yake ni Waarabu, kwa kuwa ile ya Kwihara, Tabora, aliyokaa mmisionari na mpelelezi Livingstone mwaka 1872, ilikuwa ya Mwarabu: hapana. Mgogo alijenga kwa sababu zake. Nguzo za panda, fito, udongo juu. Vyumba vinazunguka ua, ng'ombe wanalala katikati. Mwizi wa mifugo apitie wapi? Paa bapa linafaa Dodoma kwa sababu mvua ni msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili hivi. Kajaribu Bukoba kwenye mvua nyingi uone! Juu ya paa bibi zetu walianika mtama. Kisha zikaja operesheni za serikali za kuhamishia watu vijijini miaka ya 70, na paa za bati, tembe zikapungua.